Mstari wa Ikram

Ikram alikuwa na ishara ya shule kabla shule haijamjua. Alikutanisha viganja, akavifungua kama kitabu, akajigusa kifua, kisha akanitazama mdomo. Hakuna aliyemfundisha. Alijitungia mwenyewe, kama alivyojitungia ishara ya chumvi, ya mvua na ya mbuzi aliyekata kamba. Mimi nilimfundisha moja tu, ya kufa: unafumba macho, unalaza shavu kwenye kiganja, halafu mkono wa pili unaushusha chini taratibu kama mtu anayefukia. Nilimwonyesha hiyo pale kaburini kwa mama yake, Hajira, binti yangu, aliyetutoka Ikram akiwa bado anatambaa. Tangu siku ile, kuku akifa tunatumia hiyo, na mtu akifa tunatumia hiyo hiyo.

Mjukuu wangu huyu hasikii. Hata ukipiga debe nyuma yake hageuki. Alipofika umri wa darasa la kwanza nilimpeleka shule ya hapa hapa Kwamsisi. Mwalimu hakuwa mbaya, ila watoto walikuwa wamejazana kama mihogo kwenye kiroba, na yeye akiongea huku ameelekea ubaoni. Ikram akakaa, akakaa, mwisho akawa anatoka kuwafuata kuku wa mwalimu mkuu. Akarudi nyumbani. Kila asubuhi wenzake wakipita na sare, anasimama penye uzio wa minyaa na kunifungulia kile kitabu chake cha viganja.

Mwaka jana, mahindi yakiwa yanabeba, alikuja Mwalimu Mhina na kishikwambi mkononi. Ni kijana wetu, kwao ni ng'ambo ya shamba langu la ufuta. Alisema kuna mradi unataka kufungua darasa la watoto wasiosikia upande wetu wa Handeni. Kutakuwa na mwalimu wa lugha ya alama, na gari la kuwapitia watoto vijijini asubuhi na kuwarudisha. Wakifika kumi na tano darasa linafunguliwa. Wasipofika, mwalimu anapelekwa kwingine.

Nikamwuliza, "Gari lenyewe litapita wapi?"

"Hapo kwenye kona, bibi, penye mkorosho."

Basi nikachukua kijiti, nikamchorea Ikram gari chini, nikalipaka chokaa kidogo ajue ni jeupe. Alielewa haraka mno. Akashika usukani hewani, akafungua kitabu, akajigusa kifua. Ishara tatu kwa mpigo mmoja. Akaenda kuwaonyesha mbuzi.

Mhina akaanza kuuliza maswali yake. Jina la mtoto. Umri. Anasikia, hasikii. Kijiji na wilaya. Halafu akauliza, "Mlezi wa mtoto ni nani?"

Nikajibu bila kufikiri, "Faraji."

Faraji ni mwanangu, kaka yake Hajira, mjomba wa Ikram. Anaishi Hale, wilaya ya Korogwe, ana shamba la michungwa na anatengeneza baiskeli. Ikram analala kwangu na anakula kwangu, lakini sisi Wazigua tunajua mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Mtoto akiumwa anaambiwa mjomba. Akija kuposwa, mjomba asipokuwepo watu watakula wali warudi makwao, hakuna lililosemwa. Mwanamke anaweza kumlea mtoto mpaka akazeeka naye, lakini akiulizwa huyu nani anayemsimamia, kujitaja mwenyewe na kaka yupo hai ni utovu wa adabu. Mhina ni wa huku huku, hakushangaa.

"Mjomba Faraji yuko wapi siku hizi?"

"Hale."

Akabonyeza Korogwe, akanywa maji, akaenda nyumba ya pili.

Majibu yalikuja kiangazi. Mhina alifika amenyong'onyea. "Bibi, wanasema tumepatikana tisa."

"Tisa wa wapi? Kwa Rosina yupo Abraham. Kwa Yuditha wapo wawili, pacha wale. Mimi mwenyewe naweza kukutajia zaidi ya kumi bila kunyanyuka hapa."

"Nimewaandika kumi na tano kwa mkono wangu, bibi. Ndiyo maana nimekuja. Twende Handeni tukaulize."

Tulipanda pikipiki mpaka lami, Mkata, kisha gari hadi Handeni mjini. Ofisi ya mradi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, kinanuka dawa ya kuhifadhi mahindi. Ndani alikuwemo binti mmoja, Edna, na kompyuta, na feni inayozunguka kwa kuchoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kuwatafuta watoto wetu. Wamepotelea humo ndani."

Alicheka, akanivutia kiti niione kompyuta. Nilipenda hilo. Wengi ukiwa mzee wanakugeuzia mgongo wa mashine.

Akanieleza polepole. Kila mtoto ana mstari wake, umenyooka kutoka kushoto kwenda kulia kama tuta la mahindi, na kila kisanduku kina neno. "Kuhesabu sihesabu mimi, bibi. Naiagiza kompyuta. Inapita mstari mmoja mmoja na kuuliza maneno matatu. Hali ya mtoto: hasikii? Wilaya ya mtoto: Handeni? Makazi ya mlezi: Handeni? Mstari ukijibu ndiyo kwa yote matatu, unahesabiwa. Ukikosa hata neno moja, unarukwa."

Nikaelewa. Ni kama ninavyochagua mbegu. Punje iwe nzima, iwe nene, isiwe na tundu. Ikikosa kimoja inakwenda kwa kuku.

"Nitafutie Ikram," nikasema.

Alimpata. Nikaliona jina lake, limekaa vizuri. Hasikii. Handeni. Halafu kwenye kisanduku cha tatu, Korogwe.

"Huyu mlezi yuko Korogwe," Edna akasema.

"Huyo ni mjomba wake."

"Mtoto anaishi naye?"

"Anaishi na mimi."

"Sasa mbona ameandikwa mjomba?"

Mhina akainamisha kichwa, nikaona sasa jambo limemwingia. "Kwetu ndivyo inavyojibiwa," akamwambia. "Na wajomba wengi wa pale kijijini wamehamia upande ule. Hale, Mnyuzi, kwenye mashamba."

Edna akatutazama kwa zamu. Babu yake aliletwa Korogwe kukata mkonge, akatuambia, na kwao anayeandikwa ni baba, hata baba akiwa mlevi wa kulala mtaroni. Akasogeza kidole. Mistari sita. Yote hasikii, yote Handeni, na kwenye kisanduku cha tatu Korogwe, Korogwe, Korogwe mpaka chini.

Nikauliza, "Kwa hiyo Korogwe ndiko walikohesabiwa?"

"Hapana. Korogwe nao wanauliza kama mtoto ni wa Korogwe."

"Basi wamekwenda wapi?"

"Hawajaenda popote, bibi. Wapo hapa hapa. Hawahesabiwi tu."

Akaliondoa lile swali la tatu kwa majaribio, akabonyeza. Tisa ikageuka kumi na tano pale pale, mbele ya macho yangu. Mhina akapiga meza kwa kiganja. Mimi nikashika kona ya meza.

Lakini Edna alikuwa ameshairudisha ile tisa. Swali la tatu halikuwa lake kuliondoa, lilitoka juu. Wanaotoa gari wanataka mlezi awe karibu, mtoto akiumwa aitwe. Alichoweza ni kubadilisha mstari wenyewe, kuandika mlezi mwingine anayeishi huku huku. Na mstari uliokwisha kutumwa haubadilishwi kwa maneno. Mlezi wa kwanza aridhie kujitoa, na mzazi aliye hai aweke sahihi au dole gumba. Mwisho Ijumaa.

"Mama yake Ikram hayupo," nikasema.

"Pole, bibi. Na baba?"

Mhina akajibu kwa niaba yangu. "Baba yupo, Mbwana. Yupo pale pale kijijini."

Wale watano wengine hawakuwa na shida kubwa. Mama zao wapo hai. Rosina alimpigia kaka yake aliyeko Mnyuzi, kaka akanuna, akasema siku hizi wanawake mnataka kutuzika kabla hatujafa, kisha akaridhia kwa sharti atumiwe jogoo. Yuditha naye alimlilia kaka yake kwenye simu mpaka akakubali ili anyamaze tu. Ikabaki nyumba yangu.

Nilikwenda Hale mwenyewe. Kwa simu neno kama lile halisemwi. Nilimkuta Faraji chini ya kibanda chake cha mabati, amepindua baiskeli, anapima tairi kwenye beseni la maji. Mkewe, Amne, alinitolea kigoda na maji ya kunawa. Nilieleza yote, mistari, visanduku, lile neno Korogwe. Alisikiliza bila kuacha kuzungusha tairi, akiangalia povu litokee wapi.

"Kwa hiyo nafutwa," akasema.

"Hufutwi, baba. Unabaki mjomba. Kwenye mashine tu ndiyo nakaa mimi."

"Na Mbwana anaweka dole."

"Anaweka dole."

Akaiacha tairi. "Mama, nani alimpeleka Ikram kupimwa masikio mpaka Tanga, kambeba mgongoni, mvua inanyesha? Na tuliporudi nikaenda kwa Mbwana kumweleza, unakumbuka alinijibu nini? Kwao hakuna bubu. Akanifungia mlango mimi na mtoto wake. Leo mimi niliyembeba natolewa, na yeye ndiye anatafutwa kwa heshima?"

"Sahihi tu."

"Hiyo sahihi ndiyo niliyoikosa siku ile."

Amne alikuwa anamenya machungwa, hakunyanyua uso. "Mume wangu, wewe unataka kuandikwa, au unataka mtoto asome?"

"Hebu nyamaza."

"Nanyamaza. Ila hilo gari la watoto halitakuja kukupitia wewe."

Nilidhani atamfokea. Badala yake aliosha mikono kwenye lile beseni la tairi, akaifuta kwenye suruali kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nitakuja na wewe," akaniambia. "Hilo neno la kujitoa nitalisema mbele yake. Anione."

Mwanangu ni mtu wa kiburi. Nilijua ni kitu gani amekimeza pale.

Tulifika kwa Mbwana asubuhi ya Alhamisi, mimi, Faraji na Mhina aliyeshika karatasi na kidau cha wino wa dole. Mbwana alikuwa anapaka chokaa ukuta wa mbele, na uwanja umefagiwa mpaka njiani. Alinisalimu vizuri, akaninyooshea mkeka, kisha akakaa kando amenipa ubavu, maana mimi ni mama mkwe wake hata kama Hajira hayupo. Mkwe hatazamani na mama mkwe usoni. Maneno yake yote aliyapitisha kwa Faraji.

Faraji alisema kwa sauti ya chini. Alisema amejitoa, mimi ndiye nitaandikwa mlezi. Hakuna atakayemdai Mbwana sare wala chakula. Dole moja tu.

Mbwana aliiangalia chokaa iliyoganda vidoleni. "Mwambie mama nimesikia. Mwambie pia nina binti anaposwa. Wakwe wanakuja mwezi ujao, watu wa Kabuku. Wanaulizia ukoo mpaka babu wa nne. Wakipata kwamba nyumba hii imezaa asiyesikia, posa inarudi, na binti yangu anakaa hapa anazeeka."

"Karatasi inakwenda Handeni," Faraji akasema. "Kabuku nani ataiona?"

"Leo mwalimu ameiona. Kesho dereva atajua anampitia mtoto wa nani. Dole likishakaa kwenye karatasi halinong'oni, shemeji, linasema kwa sauti."

"Kijiji kizima kinajua ni wako. Ana paji lako la uso."

"Kinajua na hakisemi. Ndiyo wema walionifanyia."

Mhina akajaribu kumweleza kuhusu wale wengine, kwamba bila Ikram wote hawapati, watoto kumi na wanne. Mbwana akasikiliza mpaka mwisho. Sitasema hakuumia. Alikuwa anajikwangua chokaa kwenye ukucha mpaka pakatoka damu. Lakini akatikisa kichwa.

Hapo ndipo Faraji alipopiga magoti. Mjomba mtu, mwenye mtoto, mbele ya mwanamume aliyeoa kwetu. Sijawahi kuona na sikupenda kuona. "Basi nipe ruhusa niweke langu kwa jina lako," akasema. "Aibu nitaila mimi."

"Ukifanya hivyo nakwenda mwenyewe ofisini kusema si langu. Inuka, shemeji. Inuka, mama anaona."

Tukainuka sote. Mbwana aliingia ndani akatoka na machungwa kwenye mfuko wa plastiki, akampa Mhina anipe. "Mwambie mama ni ya mtoto." Faraji alitaka kuyatupa. Nikamzuia. Ikram anapenda machungwa.

Ijumaa, Edna alimpigia Mhina, Mhina akaniwekea simu sikioni. Alikuwa amekwisha kuibadilisha mistari mitano. Kompyuta imepita tena, neno kwa neno.

"Imetoa kumi na nne, bibi."

"Kumi na nne si wachache, mwanangu."

"Si wachache. Nimeomba. Nimeandika maelezo marefu kuhusu wajomba, nimeyapeleka juu." Nikasikia ile feni yake ikizunguka. "Wamejibu kwamba kigezo ni kigezo. Mwalimu amepangiwa wilaya nyingine."

"Na mstari wa Ikram?"

"Upo, bibi. Sijaufuta."

Nilimshukuru. Angefanya nini zaidi, binti wa watu.

Rosina alikuja siku iliyofuata. Alikuwa amekwisha kumshonea Abraham kaptula ya shule, akainunulia na mkanda. Tulisalimiana. Aliuliza habari za mbuzi, habari za ufuta, nikajibu njema. Akasimama kidogo penye jiko, kisha akasema, "Mama Faraji, nimekuja kuchukua kinu changu."

Kile kinu kilikuwa kwangu tangu watoto hawa hawajazaliwa. Hatukuwa tukijua tena ni cha nani. Nilikikung'uta pumba, nikampa na mchi wake. Alikibeba kichwani, akaenda. Nyumba yangu ndiyo iliyowaangusha wenzake Ikram. Hilo halihitaji matusi.

Faraji amerudi Hale. Amne ananiambia hatengenezi baiskeli za watoto siku hizi, akiletewa anasema hana vipuri.

Sasa amebaki Ikram. Shule zilipofunguliwa Januari alijiamsha gizani, akaoga, akavaa gauni lake la Idi na kandambili zangu, akaenda kukaa pale kwenye kona, penye mkorosho. Nilimfuata. Magari ya huku si mengi. Lilipita lori la mkaa, zikapita pikipiki. Kila linapotokea vumbi anasimama, anajipangusa gauni, linapita, anakaa. Jua lilipopanda nikamshika mkono tukarudi. Kesho yake akaenda tena. Na keshokutwa.

Nilitafuta namna ya kumwambia. Nilimchorea gari chini nikalifuta kwa mguu. Akachukua kijiti akalichora upya, akaliongezea na madirisha. Nilitikisa mkono, hakuna. Akaelewa hakuna leo. Ningemwambiaje habari ya kisanduku, na Korogwe, na baba anayepaka chokaa, mtoto ambaye naongea naye kwa ishara za chumvi na mbuzi tu? Hayo yote alikuwa aje ayajue kwa yule mwalimu.

Basi asubuhi moja nilichoka. Nilikaa naye pale kwenye kona, nikashika usukani hewani, nikafungua kitabu. Akachangamka. Kisha nikafumba macho, nikalaza shavu kwenye kiganja, nikaushusha mkono wa pili taratibu mpaka chini.

Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama, mdomo wazi. Uso ulimbadilika. Akainuka akakimbia nyumbani, kandambili moja ikabaki njiani. Nilimfuata kwa mwendo wangu. Nilimkuta zizini anawashika mbuzi mmoja mmoja shingoni kusikia joto. Akatoka akaenda kwa kuku, akatazama chini ya uchaga. Akakimbia mpaka nyumba ya Rosina, nikamwona kwa mbali anamshika Abraham mashavu, Rosina amesimama mlangoni anaangalia tu. Akarudi anahema. Akanigusa kifua mimi, akaacha mkono wake pale mpaka akausikia moyo unapiga.

Hakuna aliyekufa. Akanitazama vizuri, kisha akacheka kile kicheko chake kisichojua kelele yake, akanipiga bega, bibi ananitania. Akapangusa gauni, akaiokota ile kandambili njiani, akaenda kukaa kwenye kona.